Gemu Ndogo ya Mwalimu Mkuu

Mwalimu Mkuu alikuwa na kipaji cha kumpa mtu kitu kikiwa kimepunguzwa. Ukimwomba ruhusa ya siku nzima, alikupa mpaka saa sita. Ukimwomba chaki, aliivunja mbele yako, akakupa kipande kifupi, kile kirefu akakirudisha kwenye boksi. Watu walimwita mchoyo, lakini nadhani walikosea. Mchoyo huogopa kupungukiwa. Yeye hakuogopa kitu. Alipunguza ili uondoke ukijua kwamba kilikuwepo kizima na hukupewa.

Nilifundisha chini yake miaka mingi katika shule moja ya msingi upande wa Kiogoro, na nilipanga nyumba iliyotenganishwa na boma lake kwa ua wa michongoma tu. Mchana nilimwona akiwa na tai. Jioni nilimwona akiwa na gambuti, akizunguka migomba yake na panga. Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mkewe, Mama Onchari, alisema "Mkuu amekula", "Mkuu amelala", kama karani anayetoa taarifa ofisini.

Alipenda utani, na utani wake ulikuwa na miiba. Mwalimu wa darasa la tatu alipofiwa na shangazi yake huko Nyamira, alikwenda ofisini kuomba ruhusa.

"Mazishi ni saa ngapi?" Mkuu akauliza.

"Saa nane, Mkuu."

"Basi fundisha mpaka saa tano. Maiti haitaondoka bila wewe."

Alirudi staffroom akatueleza huku machozi yakimlengalenga, na sisi tukacheka. Hatukukusudia. Maneno ya Mkuu yalikuwa na namna hiyo: yalikuchekesha kwanza, kisha yakakuacha na aibu ya kucheka.

Lakini siwezi kumwandika kama jiwe. Mtoto akiacha shule, Mkuu alikwenda mwenyewe kumfuata, hata kama ni mlimani na njia imeteleza kwa mvua. Nilimwona akibishana na baba mmoja mlevi mpaka yule baba akampisha, na Mkuu akamshika mtoto mkono akamrudisha shuleni. Siku iliyofuata mtoto alichelewa, na Mkuu akamchapa yeye wa kwanza. Alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato, mwenye sauti nene ya kuimba besi, na siku ya Sabato alizuru wagonjwa akiwapelekea ndizi mbivu. Mama mmoja aliyekuwa amepooza aliniambia kwamba Mkuu ndiye mtu pekee aliyemlisha kwa kijiko bila kugeuza uso. Niliamini. Pia niliamini yote mengine niliyosikia.

Kuhusu vitu, alikuwa na kanuni: alinunua kile kinachofanana na kile ambacho watu wanakitamani. Redio yake ilifanana na redio nzuri. Viatu vyake vilifanana na vya ngozi. Ndiyo sababu siku tuliyokwenda pamoja mjini Kisii kununua vitabu vya shule, nilijua kitakachotokea tulipoingia duka la familia moja ya Kihindi, pale barabara kuu. Nyuma ya kaunta, wajukuu wa mwenye duka walikuwa wakicheza gemu kwenye televisheni. Ilikuwa mashine yenyewe, ile ambayo watoto wa matajiri wa Nairobi walikuwa nayo: kubwa, nzito, yenye mlango wa kuingiza kaseti na vidude viwili vya kushika mkononi vilivyochomekwa kwa mbele. Mkuu aliwatazama kwa muda mrefu. Alipotajiwa bei, alivua miwani akaipangusa.

Mwenye duka alimfahamu. Akatoa boksi dogo kutoka rafu ya chini.

"Hii ni mtoto wake, Mwalimu. Michezo iko ndani tayari. Hakuna kaseti ya kununua, hakuna kaseti ya kupotea."

Mkuu akaigeuza. Ilikuwa nyepesi kama kisahani cha sabuni. Umbo lake lilikuwa lile lile la mashine kubwa, ila limefinywa, na pale palipopaswa kuwa na mlango wa kaseti palikuwa na plastiki tupu.

"Haina mdomo," akasema.

"Haina."

"Mtoto asiye na mdomo." Akatabasamu. "Huyo ndiye mtoto mzuri. Nifungie."

Waliotengeneza mashine ile walikuwa wamepunguza kila walichoweza, na nitaeleza mambo mawili kwa sababu ndiyo yaliyoleta yote. La kwanza, nyaya za vidude vya kushika hazikuchomoka, na zilikuwa fupi sana, kama kamba ya ndama mtoro. Watu wawili wakicheza, ilibidi wakae chini ya televisheni goti kwa goti, bega kwa bega. La pili, kidude cha pili hakikuwa na vile vitufe viwili vya katikati, cha kuanzisha mchezo na cha kuusimamisha. Aliyeshika kidude cha kwanza ndiye aliyeamua mchezo unaanza lini na unasimama wapi. Mkuu aligundua jambo hilo jioni ya kwanza. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyeshika kidude cha kwanza.

Ijumaa jua likikaribia kutua, gemu ilifunikwa kwa kitambaa cheupe alichofuma Mama Onchari, na haikufunuliwa Sabato yote. Jumapili alasiri ndipo nyumba ilipojaa. Wakatoliki walikuja moja kwa moja kutoka misa, na Wasabato walitoka shambani wakiwa bado na udongo wa chai kwenye kucha. Televisheni ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe. Mkuu alichagua mpira, vitu vidogo vyeupe vikikimbizana kwenye uwanja wa kijivu, na alimwita kila mtu kwa zamu.

Hakuwa mchezaji hodari. Hakuhitaji kuwa. Ulipokaribia goli lake na kidole chako kikiwa tayari kupiga, alibonyeza, picha ikaganda. Kisha akageukia waliokaa.

"Mnamwona katekista wetu? Anadhani atafunga."

Watu walicheka. Katekista alicheka pia, jasho likimtoka, kidole gumba kikianza kuchoka. Mkuu alikunywa chai kidogo. Aliuliza bei ya majani ya chai mwezi huo. Kisha, katikati ya sentensi, aliachilia mchezo, na kabla mgeni hajarudisha macho kwenye kioo, mpira ulikuwa umenyang'anywa.

"Umeona sasa! Ulikuwa umelala?"

Nami alinifanyia hivyo. Daktari wa mifugo alifanyiwa hivyo, akaapa hatarudi, akarudi Jumapili iliyofuata. Tulirudi sote. Gemu ilikuwa moja tu katika eneo lile, na kila mmoja alipenda kumwona mwenzake akigandishwa.

Mtu ambaye hakucheza kamwe alikuwa Onchari, mzaliwa wa kwanza wa Mkuu. Alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, akitazama.

Kwetu jambo hilo halikuhitaji maelezo. Kati ya baba na mwana aliyetahiriwa kuna chinsoni, heshima ile inayowatenga. Babu anaweza kumtania mjukuu anavyotaka, amwite mume mwenzake, amcheke mbele ya watu. Baba hawezi. Baba hamtanii mwanawe, hagusani naye ovyo, haingii katika nyumba yake. Kwa hiyo Onchari kukaa goti kwa goti na baba yake, wakishindana, huku watu wakicheka, lilikuwa jambo lisilofikirika. Alisimama mlangoni, na wote tuliona kwamba hapo ndipo mahali pake.

Kitu Onchari alichotaka kwa baba yake kilikuwa kingine, nacho kila mtu alikijua. Alitaka kuonyeshwa mahali pa kujenga. Mwana hajichagulii; baba huchukua jembe asubuhi, humwongoza hadi kwenye sehemu ya shamba, hulikita pale na kusema, hapa. Bila hilo hana nyumba, na bila nyumba hana mke. Onchari alikuwa amemaliza kidato cha nne, alipima majani katika kituo cha kununulia chai, na kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amefinyanga na kuchoma matofali. Yalikuwa yamepangwa kando ya njia, yamefunikwa kwa majani ya mgomba. Kerubo, msichana wa Nyakoe, alikuwa amemsubiri kwa muda mrefu kuliko wazazi wake walivyopenda. Baba yake Kerubo alikuwa amesema wazi: "Binti yangu hatalala jikoni kwa mtu."

Nyuma ya Onchari walikuwepo ndugu wawili, na hao pia walikuwa wamefungwa naye, maana mdogo hajengi kabla ya mkubwa.

Onchari alimtuma baba yake mdogo kuuliza. Jibu la Mkuu likawa, "Ardhi ipo. Haina miguu." Msimu wa mvua ukapita. Baba mdogo akarudi tena, safari hii na wazee wawili. Mkuu akawapa chai, akawauliza hali ya ng'ombe wao, akawasindikiza hadi langoni. Matofali yakaanza kuota kijani upande wa chini.

Nilimuuliza siku moja ofisini, kwa uangalifu, kwa nini hamwonyeshi kijana mahali. Akaniangalia kama ninavyomwangalia mwanafunzi aliyeuliza kitu kilichoandikwa ubaoni.

"Nikishamwonyesha," akasema, "atahitaji nini tena kwangu?"

Jumapili ninayoikumbuka, nyumba ilikuwa imejaa kuliko kawaida kwa sababu ya mvua. Baba mdogo alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha. Mkuu alikuwa amemshinda daktari wa mifugo. Akageuza kichwa mlangoni.

"Onchari. Njoo."

Onchari hakusogea.

"Umeniletea wazee mara mbili. Leo njoo wewe mwenyewe. Ukinifunga, kesho asubuhi nachukua jembe, nakuonyesha mahali. Mashahidi ni hawa."

Baba mdogo akasema polepole, "Mkuu, huyu ni mwanao. Mtakaaje hivyo mbele za watu?"

"Waya ndio mfupi," Mkuu akajibu. "Si mimi niliyeukata."

Wengine walicheka. Mama Onchari alitokea kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, akamtazama mwanawe, akatikisa kichwa kidogo sana. Onchari alimwona. Pia aliona, nadhani, dirisha lililo nyuma ya baba mdogo, na kupitia dirisha hilo yale matofali. Akavua viatu akaingia.

Alijaribu kukaa upande, mgongo ukiwa nusu umemwelekea baba yake. Goti la Mkuu likamgusa. Akalivuta lake, waya ukakaza, mashine ikateleza kutoka mezani ikaning'inia. Nyumba ikalipuka kwa kicheko.

"Sogea," Mkuu akasema, akiirudisha. "Unaogopa goti la baba yako? Goti hili ndilo lililokubeba."

Onchari akasogea. Masikio yake yalikuwa yamewiva kama kahawa iliyo tayari kuchumwa.

Kilichofuata hakikutarajiwa na yeyote. Jumapili zote zile mlangoni, Onchari hakuwa akitazama mchezo. Alikuwa akimtazama baba yake. Alijua kwamba kabla ya kusimamisha picha Mkuu huvuta midomo ndani, na kabla ya kuiachilia hukohoa au huanza kusema neno. Kwa hiyo hakungoja kukaribia goli. Alipiga kutoka mbali, mapema, kabla midomo haijavutwa. Bao. Mkuu akarudisha, Onchari akafunga tena. Mkuu alipogandisha picha na kuuliza habari za misa, Onchari hakuondoa macho kwenye kioo. Mchezo ulipoachiliwa, kidole kilikuwa pale pale. Watu walianza kusogea mbele. Daktari wa mifugo alisahau nafsi yake, akamhimiza kijana, "Mpe, mura, mpe!"

Onchari akapata bao la kuongoza, na muda ulikuwa unakwisha. Jikoni Mama Onchari alitoa sauti fupi, kama mtu aliyeungua kidole, lakini haikuwa sauti ya maumivu.

Mkuu akabonyeza. Picha ikaganda. Hakunywa chai, hakuuliza chochote. Alimgeukia mwanawe, uso kwa uso, jambo ambalo sijawahi kuona baba wa kwetu akilifanya kwa umbali ule, na akasema kwa upole kabisa:

"Cheza vizuri, omoisia."

Omoisia ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Unaweza kumwita mtoto hivyo na asione kitu. Kumwita mwanamume hivyo ni kumvua nguo. Baba kumwita mwanawe hivyo, yule aliyempeleka mwenyewe kutahiriwa, mbele ya baba mdogo aliyemshika siku ile, ni jambo ambalo hatuna neno lake, kwa sababu hatukutegemea kulihitaji.

Onchari aliweka kidude chini sakafuni, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akasimama. Akachukua viatu vyake mkononi akatoka mvuani.

Mkuu akaachilia mchezo. Upande wa pili wachezaji wadogo weupe walisimama tu, hawana mwenye kuwaongoza. Akapita katikati yao akafunga bao. Akapita tena, akafunga jingine. Aliendelea hivyo bila haraka mpaka filimbi ya mashine ikalia.

"Mmeona," akasema. "Amefungwa."

Katekista alicheka. Ilikuwa hofu, lakini kilikuwa kicheko.

Baba mdogo hakuacha jambo lile. Alisema neno kama lile lazima lioshwe: mbuzi achinjwe, wazee wakae, baba atamke mbele yao kwamba ulimi uliteleza. Mkuu akamjibu kwamba yeye ni Mkristo, hajui habari za kuosha maneno kwa mbuzi. Lakini Ukristo huo huo haukumzuia, wiki ile ile, kukataa kukanyaga mlango wa kibanda cha ujana alicholala Onchari pale bomani, alipotaka kuona kama kweli ameondoka. Alimtuma mkewe aingie. Kitanda kilikuwepo. Onchari hakuwepo, wala nguo zake. Huko Nyakoe, Kerubo naye hakuwepo.

Tulisikia wako Nyamarambe, ambako mjomba wa Kerubo aliwapa chumba nyuma ya duka. Onchari aliuza mitumba sokoni, kisha majembe na misumari. Matofali yalibaki kando ya njia, mvua ikiyala pembe. Ndugu wawili wa nyuma walingoja kidogo, kisha mmoja akaenda Nairobi na mwingine Kericho, na hakuna aliyerudi kuuliza. Mama Onchari alipofariki, Onchari alikuja mazishini, akasimama upande wa wajomba, akamrushia mama yake udongo, akaondoka kabla ya chakula. Hakumkosea baba yake heshima kwa neno wala kwa jicho. Hakuwa karibu naye kiasi cha kumkosea.

Watu waliacha kwenda Jumapili. Mashine yenyewe haikudumu. Vitu vya namna ile havidumu. Mkuu alistaafu, na boma likabaki la mtu mmoja na ng'ombe. Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo yeye, mwenye akili nyingi, hakuliona mapema. Shamba lisilo na nyumba ya mwana ni shamba linalongoja majirani. Wana wa ndugu zake walikuwa wameanza kulima mpakani, kila msimu mtaro mmoja zaidi, na walimwamkia kwa ukunjufu huku wakilima. Alikohoa damu mwaka ule. Akaniita.

"Wewe ni wa rika la Onchari," akasema. "Twende Nyamarambe."

Nilikubali. Sitadai ilikuwa huruma. Nilitaka kuona.

Nyumba ya Onchari ilikuwa ya matofali, yenye mabati mapya na mlango wa buluu, nje kidogo ya soko. Haikuwa na baraza. Onchari alitoka alipotusikia, akasimama mbali kidogo, mikono pamoja, macho chini, kama mwana anavyopaswa.

"Tata."

"Onchari. Uko salama?"

"Niko salama."

Kerubo akatoka na kiti, akakiweka katikati ya uwanja, akarudi ndani bila kumwangalia baba mkwe wake usoni. Hata hilo lilikuwa sahihi. Mkuu akakaa. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na lilikuwa limemzidi mabega.

"Nimekuja kukuonyesha mahali," akasema.

"Mahali pa nini, Tata?"

"Pa kujenga."

Onchari aligeuka akaitazama nyumba yake, kisha akarudisha macho chini.

Mvua ya alasiri ilianza kama inavyoanza kwetu, bila kubisha. Mkuu akainua uso, akautazama mlango wa buluu, akashika mikono ya kiti kama mtu anayetaka kuinuka.

"Ningekukaribisha, Tata," Onchari akasema, "lakini hii ni nyumba ya mwanao. Sitaki watu waseme nilikuvunjia heshima."

"Watu gani? Hapa hakuna watu."

"Mwalimu yupo." Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Wewe karibu ndani, mura. Chai iko tayari."

Niliingia. Onchari akaingia nyuma yangu, Kerubo akatumiminia, akaweka na ndizi za kuchemsha. Mlango uliachwa wazi, na kupitia mlango huo nilimwona Mkuu amekaa wima mvuani, kofia imelala magotini. Akaanza kusema. Shamba la juu, lile la barabarani. Akangoja. Na la chini, mpaka mtoni. Na chai yote.

Onchari alikoroga sukari.

"Anasema nini?" akaniuliza.

Nikamweleza.

"Mwambie sisikii. Mabati yana kelele."

Nikasimama mlangoni nikamwambia. Mkuu aliitikia kwa kichwa, akajipangusa maji usoni, akaanza tena kutoka mwanzo, akipaza sauti.